Kazi ya Pili Humlindia Mwanamuziki Sauti Yake

Katika nyumba nyingi za Bukavu, kuanzia Ibanda hadi Kadutu na Bagira, kuna ubishi usiokwisha kati ya mzazi na kijana aliyejifunzia gitaa au kinanda kanisani. Mzazi husema: achana na muziki, tafuta kazi. Kijana hujibu: muziki ndiyo kazi yangu. Kila mmoja ana sababu zake. Mzazi amewaona wanamuziki waliozeeka bila nyumba, na kijana anajua kwamba hakuna jambo jingine analolifanya kwa moyo wote namna ile. Lakini hata wakigombana, wamekubaliana jambo moja bila kulichunguza: kwamba muziki na riziki ya uhakika ni njia panda, anayeshika hii ameiacha ile. Hapo ndipo ninapotofautiana na wote wawili. Naamini kwamba katika mji kama wetu kazi ya pili haimwibii mwanamuziki usanii wake, bali humlindia. Mwenye kipato kidogo cha kila wiki nje ya jukwaa anaweza kufanya jambo ambalo mwenzake mwenye njaa hawezi: kuukataa wimbo asioutaka, na kuusubiri ule anaoutaka hadi uive.

Tuanze na hesabu, maana ubishi huu mara nyingi huendeshwa kwa hisia tu. Chukua bendi ya watu watano inayopiga kwenye harusi Jumamosi: mwimbaji, mpiga solo, mpiga besi, wa kinanda na wa ngoma. Tuseme, kwa mfano, wamepatana na familia dola 150. Vyombo vya sauti vinakodishwa. Jenereta inataka mafuta, kwa sababu hakuna anayethubutu kuukabidhi umeme wa SNEL siku yake ya harusi. Spika zinapandishwa mlimani kwa gari au kwa mabega ya vijana, na usiku zirudishwe. Aliyewaletea kazi anangoja chake. Tuseme hayo yote yamekula dola 70. Zilizobaki 80 zikigawanywa kwa watano, kila mmoja anarudi nyumbani na dola 16. Humo hamna malipo ya mazoezi ya wiki nzima, wala ya nyuzi zilizokatika. Na mara nyingi sehemu ya fedha hiyo huahidiwa kulipwa baada ya sherehe, wakati ambapo familia imekwisha kuhesabu madeni ya nyama na vinywaji na haitaki tena kusikia habari ya muziki.

Tena harusi zenyewe hazigawanyiki sawasawa kwa mwaka. Zinajaa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, zinapungua mvua zinaponyesha, na wakati wa Kwaresima parokia nyingi hazifungishi ndoa kwa sherehe. Lakini kodi ya nyumba haina Kwaresima, na ada ya shule huja Septemba bila kuuliza kama Agosti ilikuwa nzuri. Juu ya hayo, mji huu umepata misukosuko ambayo hakuna mwanamuziki aliyeipanga. Tangu katikati ya Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa vikosi vya AFC/M23, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukanyamaza, na watu wakajifunza kuwahi nyumbani. Mji usiokesha hauna pa kumlipa anayeimba usiku. Hata tamasha kubwa la kanda yetu, Festival Amani lililoanza Goma Februari 2014, huwa la siku chache tu kila linapofanyika. Fedha ya muziki huja kwa mawimbi, ilhali njaa huja kila siku. Anayeishi kwa mawimbi peke yake hupitisha muda mwingi akiwa nchi kavu.

Kipato kikiwa cha namna hiyo, kinachoumia kwanza ni wimbo. Kinshasa wana neno la jambo hili: libanga. Ni desturi ya mwimbaji kutaja ndani ya wimbo majina ya watu waliomlipa au anaotumaini watamlipa: mfanyabiashara, mwanasiasa, mtu wa Ulaya mwenye gari jipya. Haikukua kwa sababu tu wanamuziki wanapenda kusifu. Kaseti na sahani zilipoacha kulipa, kwa kuwa kila mtu alikuwa akinakili bure, jina la tajiri likawa miongoni mwa bidhaa chache zilizobaki mikononi mwao. Matokeo yake tunayasikia: nyimbo ndefu ambazo nusu yake ni orodha. Huku Bukavu hatuko mbali na hapo. Msimu wa kampeni za uchaguzi ukifika, kijana aliyeandika kuhusu mama wanaobeba mizigo kutoka mpakani Ruzizi hugeuka kuandika kuhusu mgombea asiyemjua, kwa sababu mgombea analipa leo. Kwa mwimbaji wa kike bei ni kali zaidi. Anayemfadhili studio na klipu anaweza kudai asichodaiwa mwanaume, na asiye na fedha yake mwenyewe hana pa kushika anaposema hapana. Nyimbo zetu nyingi zaidi zimepotea kwa njia hii kuliko kwa kukosa vipaji.

Sasa tumtazame aliyefanya vingine. Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili, alirekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, mwaka 1952. Kipande chake kiitwacho Masanga kilienea mbali Afrika na nje yake, na hadi leo wapiga gitaa wanakaa chini kujifunza jinsi kidole gumba chake kilivyotembea peke yake kwenye nyuzi nene wakati nyuzi nyembamba zinaimba juu. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Mtu huyu, kwa sehemu kubwa ya maisha yake Lubumbashi, alikuwa na kazi za kawaida, benki na katika kampuni ya madini, huku akiongoza bendi yake na kuendesha shughuli zake nyingine. Hakuna anayesikiliza gitaa lile akasema hili ni gitaa la mtu wa nusu moyo. Jioni na siku za mapumziko zilimtosha kujenga mtindo ambao wengine wameshindwa kuujenga kwa siku nzima.

Na wala hakuwa wa ajabu. Kwa wazee wetu hali hiyo ndiyo ilikuwa ya kawaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mmarekani Alan Merriam alifika katika nchi ya Bashi, milimani juu ya mji huu, na baadaye akaandika kuhusu filimbi iitwayo mulizi. Ni filimbi ya wachungaji wa ng'ombe. Mpigaji hakuwa na kazi inayoitwa muziki. Alikuwa na ng'ombe, na filimbi ilikuwa pamoja naye malishoni, ikijaza saa ndefu ambazo ng'ombe hawahitaji kusemeshwa. Wazo la mwanamuziki asiye na kazi nyingine lilitufikia kutoka mjini, pamoja na baa za Léopoldville, Kinshasa ya leo, na kampuni za sahani kama Ngoma, iliyoanza 1948, na Loningisa iliyoifuata. Kampuni zile zilinunua vyombo, zikaweka studio, zikawalipa wapigaji. Zilipokufa, zilituachia ile picha ya msanii wa jukwaani tu, lakini mshahara uliokuwa nyuma ya picha uliondoka nazo. Tunawadai vijana wetu waishi maisha ambayo mlipaji wake amekwisha kufa.

Najua jibu litakalokuja hapa: Franco hakuwa karani. Wakubwa waliingia wazima wazima, na asiyejitupa majini hataogelea. Lakini tumwangalie Franco vizuri. Kijana aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz mwaka 1956 alikuja kuwa mwenye kampuni za kutoa sahani, Epanza Makita, Éditions Populaires na baadaye Visa 1980, na mwenye klabu yake ya Un-Deux-Trois huko Matonge. Verckys Kiamanguana, mpiga saksafoni wake wa zamani, alijenga Éditions Vévé, akawa mzalishaji wa bendi za wengine. Watu hawa walikuwa na kazi mbili: walikuwa wanamuziki na walikuwa wafanyabiashara, na biashara ndiyo iliyowapa pa kusimama. Wengine wataniletea mfano wa karibu zaidi, Innoss'B wa Goma, aliyeshinda Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto, na ambaye wimbo wake Yope ulivuka mipaka mwaka 2019 alipourudia na Diamond Platnumz. Ninafurahi kwa ajili yake na kwa ajili ya Kivu. Ila mzazi hawezi kumlea mtoto wake kwa kutegemea kwamba atakuwa yule mmoja. Kwa ajili ya wengine wote, wenye vipaji vya kweli ambavyo havitaifikia Paris, lazima tuwe na mpango.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na lina methali yake: mshika mbili moja humponyoka. Ni kweli, zipo kazi zinazoua muziki. Fundi mwashi anayeshika saruji siku sita atakuta ncha za vidole zimepasuka, na mkono uliopasuka hauwezi kubonyeza uzi. Mwalimu anayepaza sauti mbele ya watoto sitini darasani hana koo la kuimbia jioni. Anayelinda ghala usiku kucha hulala saa ambazo wenzake wanafanya mazoezi. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kazi ipi, na kigezo kipo wazi: iache mzima kiungo unachopigia, ikupe saa zinazojulikana, na isikufuate nyumbani. Kushona nguo, kutengeneza simu na redio, kunyoa, kuuza katika duka la familia kwa zamu, kufundisha solfeji kwa mtoto mmoja mmoja, kurekodi sauti kwenye redio ya mtaani: hizi ni kazi ambazo mikono inaweza kufanya huku kichwa kikisikiliza. Ali Farka Touré wa Mali alikuwa fundi wa sauti katika redio ya taifa lake, kisha mkulima Niafunké, na mwaka 2004 akawa meya wa mji huo. Dunia ilimpa tuzo, naye akarudi kwenye mpunga wake. Methali ni ya kweli kwa vitu viwili vinavyovutana, lakini makasia mawili ya mtumbwi mmoja hushikwa na mtu mmoja.

Tena zipo kazi zilizomo ndani ya muziki wenyewe ambazo hatujazihesabu. Katika hospitali ya Panzi, mradi wa tiba kwa muziki umewakutanisha wanawake waliojeruhiwa na vita pamoja na mwanasaikolojia na fundi wa studio. Wanatunga nyimbo zao, wanazirekodi, na wimbo unakuwa sehemu ya kupona. Fundi yule anafanya kazi ya afya kwa ujuzi wa muziki, na wala haimlazimu awe nyota. Shule zetu zinahitaji watu wa kufundisha nota, kwaya zinahitaji wa kupanga sauti, redio zinahitaji wa kusafisha matangazo. Kijana anayejua kinanda vizuri na kusoma nota ana zaidi ya mlango mmoja, ilimradi tuache kumwambia kwamba mlango halali ni jukwaa pekee.

Wapo pia wanaosema: suluhisho ni mshahara, mwanamuziki aajiriwe kama muuguzi. Jambo hili limejaribiwa, na majirani zetu wa Tanzania wana somo la kutupa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikawa na Urafiki Jazz, polisi na jeshi wakawa na bendi zao. Wanamuziki walipata mshahara wa mwezi, vyombo vikiwa mali ya taasisi. Muziki bora ulitoka humo, na Wakongo wengi walivutwa upande ule wa Ziwa Tanganyika na uhai wa muziki wa Dar es Salaam. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu wakati Kindu ingali sehemu ya Kivu, alikwenda Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy na hakurudi kuishi kwetu. Lakini bendi za taasisi zilitarajiwa pia kuimba sera za wakati huo, na uchumi wa mashirika ulipoyumba, nyingi zikayumba nayo. Ninachojifunza ni kwamba mshahara wa mara kwa mara hustawisha muziki, ila kuutegemea mkono mmoja tu ni kurudi kwenye libanga kwa jina jingine.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi gumu kuliko yote. Msomaji wa Kadutu ataniuliza: unazungumzia kazi ya uhakika, iko wapi Bukavu? Wenye digrii wanauza vocha za simu, wafanyakazi wa serikali wanangoja mshahara kwa miezi. Ana haki. Kama uhakika maana yake ni barua ya ajira na pensheni, wachache mno wanao. Lakini mama anayeuza samaki aina ya sambaza sokoni hana barua ya ajira, na watoto wake wanasoma. Uhakika wake ameujenga kwa njia mbili: mauzo madogo ya kila siku, na likirimba au MUSO, kikundi cha kuweka akiba pamoja anachokutana nacho kila wiki. Anayewajua watu wa MUSO analijua sanduku lao. Ndani yake fedha zimegawanywa kwa rangi. Ya kijani ni akiba ya wanachama, wanakopeshana humo na kurudisha kwa faida ndogo. Nyekundu ni ya msaada wa ugonjwa, kilio na uzazi, haidaiwi tena. Bluu ni ya mkopo unaotoka nje ya kikundi. Funguo za kufuli hukaa kwa watu tofauti, sanduku lisifunguliwe na mmoja peke yake. Benki zilipofunga, masanduku haya hayakungoja amri ya mtu kutoka mbali.

Kwa nini wanamuziki wa mji huu wasiwe na lao? Bendi kumi zikiweka kijani hata dola mbili kila mtu baada ya kila harusi, Agosti italisha Novemba. Mpiga besi atakopa humo anunue cherehani au vifaa vya kutengeneza simu, na kurudisha polepole. Mwimbaji aliyejifungua atasaidiwa na nyekundu bila kumpigia simu tajiri. Kikundi hicho hicho kinaweza kukubaliana bei ya chini ya kupiga harusi, ili bendi moja isiinyang'anye nyingine kazi kwa bei ya njaa. Hili halihitaji sheria mpya wala mfadhili. Mama zetu wamekwisha kulijaribu kwa miaka mingi.

Limebaki neno moja la kujibu, na linatoka kwa wanaowapenda wanamuziki: je, kuwaambia watafute kazi ya pili si kuwapa wasikilizaji ruhusa ya kutolipa? Rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO Desemba 2021, sheria ya haki za watunzi tunayo tangu 1986, na SOCODA ipo tangu 2011 kukusanya haki hizo. Deni lipo, na lazima lilipwe. Lakini Wakristo wa mji huu wanamfahamu mtu mmoja aliyelitatua swali hili. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwa ukali kwamba anayefanya kazi ya Injili anastahili kula kwa kazi hiyo, kama anayelima anavyokula shamba lake. Na huko huko Korintho alikuwa akishona mahema pamoja na Akila na Prisila. Alidai haki yake, na hakuitegemea, ili asiwe na mtu wa kumfunga mdomo. Anayeweza kusubiri ndiye anayeweza kudai. Bendi yenye chakula kesho inaweza kuiambia familia: tulipeni nusu kabla ya siku, na mapatano yaandikwe kwenye karatasi. Bendi yenye njaa itapiga kwanza na kuomba baadaye.

Kwa hiyo, parokia inayomtumia mpiga gitaa kila Jumapili imlipe walau nauli na nyuzi zake, bila kumwambia kwamba Mungu atamlipa. Mzazi naye abadili sentensi yake ya jioni. Badala ya kumwambia kijana aache gitaa atafute kazi, amsaidie kutafuta kazi ambayo gitaa litabaki likiwa limetundikwa ukutani karibu naye, limekazwa nyuzi, likingoja saa kumi na moja jioni. Na kijana aipokee kazi hiyo bila aibu. Siku mtu mwenye fedha atakapomletea jina lake liwekwe kwenye wimbo wa mama wa Ruzizi, cherehani ile ndiyo itakayomwezesha kujibu kwamba wimbo huu umekwisha kupata mwenyewe.